Somo kwa Vyama vya Msingi: Uyoga na Ugonjwa wa Saratani

Katibu wa chama cha msingi huulizwa mengi ambayo hayamo katika daftari zake. Huulizwa bei ya mbolea na siku ya malipo; na katika vijiji vya Lushoto, ambako uyoga huoteshwa kando ya kabichi, karoti na matunda, huulizwa pia kama ni kweli kwamba uyoga huponya saratani. Swali hili si la mzaha. Huyu anayeuliza huenda ana mgonjwa nyumbani. Yule mwingine anataka kujua kama chama chaweza kuandika maneno hayo juu ya pakiti ili uyoga upate bei nzuri mjini. Wote wawili wanastahili jibu la kweli, na jibu lenyewe haliwi la neno moja.

Somo hili lina sehemu ya sayansi na sehemu ya ushirika. Yafaa lisomwe polepole katika kikundi cha kujifunza, kwa sababu sehemu ya pili haieleweki vema bila ya kwanza.

UYOGA NA WALINZI WA MWILI

Uyoga si mmea. Hauna majani ya kijani, wala haujitengenezei chakula kwa mwanga wa jua kama mahindi yafanyavyo. Mwili wake hasa ni nyuzi nyembamba nyeupe zinazopenya ndani ya gogo linalooza, ndani ya kichuguu au katika majani makavu. Ile kofia inayochumwa ni kama tunda tu. Kuta za nyuzi hizo zimejengwa kwa sukari zilizofungamana katika minyororo mirefu, ambayo wataalamu huiita beta-glukani. Wanga wa ugali nao ni minyororo ya sukari, lakini tumbo la binadamu hujua kuikata. Minyororo ya uyoga imefungwa kwa fundo jingine ambalo tumbo haliwezi kulifungua.

Katika damu na katika kuta za utumbo mna chembe nyeupe ambazo ni walinzi wa mwili. Uyoga na ukungu ni wa jamii moja, na baadhi ya ukungu huleta maradhi. Kwa hiyo walinzi wamejaliwa uwezo wa kuitambua beta-glukani kuwa ni alama ya adui. Mwaka wa 2001 wataalamu wa Uingereza walieleza jinsi kipokezi kimoja kilicho juu ya chembe hizo, kiitwacho Dektini-1, kinavyoishika beta-glukani. Mlinzi akisha kuishika huamka, hutoa kemikali za kuwaita wenzake, na ulinzi wote huwa mkali zaidi kuliko ulivyokuwa.

Yapo hayo yanahusianaje na saratani? Saratani si mwizi atokaye nje. Ni chembe za mwili wenyewe zilizoacha kufuata masharti, zikazaana bila kikomo na kula haki ya chembe nyingine. Mfano wake ni mwanachama mwenye kadi halali ambaye hujichotea ghalani usiku: mlinzi humwona, lakini kwa kuwa anamfahamu, humfungulia mlango. Matumaini ya watafiti yamekuwa kwamba mlinzi aliyeamshwa na beta-glukani atamkagua hata mwenye kadi. Ni matumaini yenye msingi. Lakini matumaini yenye msingi na dawa iliyothibitishwa ni vitu viwili, kama vile makisio ya mavuno yasivyokuwa hesabu ya mavuno.

YALIYOONEKANA JAPANI

Nchi iliyolichunguza jambo hili kwa muda mrefu kuliko nyingi ni Japani. Mwaka wa 1969 Goro Chihara na wenzake wa kituo cha taifa cha utafiti wa saratani mjini Tokyo walitangaza kwamba wametoa beta-glukani katika uyoga wa shitake, wakaiita lentinani. Walipowadunga panya waliokuwa wamepandikizwa uvimbe, uvimbe huo ulizuiwa usikue. Katika mwaka huo huo Tetsuro Ikekawa na wenzake walijaribu maji yaliyochemshiwa aina mbalimbali za uyoga wa kuliwa, nao wakaona uvimbe wa panya ukizuiwa. Msomaji aangalie vema neno moja hapa: panya hao walidungwa. Hawakupikiwa mchuzi.

Kisha ikaja habari ya mkoa wa Nagano, ambayo huenda ikawavutia zaidi watu wa ushirika. Huko wakulima wengi huotesha uyoga mdogo mweupe uitwao enokitake na kuuza kwa njia ya vyama vyao. Ikekawa alilinganisha vifo vya saratani kati ya miaka ya 1972 na 1986, akaona kwamba familia za wakulima wa enokitake zilikuwa na vifo vichache kuliko watu wengine wa mkoa huo. Wauzaji wa uyoga duniani wameirudia habari hii mara nyingi. Je, yathibitisha kitu? Katibu mzoefu wa hesabu ataona tundu lake mara moja. Mkulima ni mtu anayefanya kazi kila siku. Aliyekwisha kuugua sana huacha kilimo, na hivyo hutoka katika orodha ya wakulima. Tena wakulima huenda wakala mboga zaidi au wakavuta sigara kidogo. Ukilinganisha wanachama wanaohudhuria mkutano na kijiji kizima, utakuta waliohudhuria wana afya nzuri zaidi, wala si mkutano uliowaponya.

Uthibitisho wa nguvu zaidi hupatikana pale wagonjwa wanapogawanywa makundi mawili kama kwa kura, kundi moja likapewa kitu kinachojaribiwa na lingine lisipewe, na mengine yote yakawa sawasawa. Jaribio la namna hiyo lilifanywa Japani kwa dawa iitwayo Krestin, iliyoidhinishwa huko mwaka wa 1977. Krestin ilitolewa katika uyoga mgumu kama ngozi, usiolika, unaoota kwa tabaka juu ya magogo, ambao jina lake la kisayansi ni Trametes versicolor. Wagonjwa walikuwa 262, wote wenye saratani ya tumbo, wote wamekwisha kupasuliwa na uvimbe kuondolewa. Wote walipewa dawa za kemikali za kuua saratani. Kundi moja likaongezewa Krestin ya kunywa. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1994 katika jarida la udaktari la Lancet. Baada ya miaka 5, katika kila wagonjwa 100 wa tiba ya kawaida peke yake, 60 walikuwa hai. Katika kila 100 walioongezewa Krestin, 73 walikuwa hai.

Hesabu hii yastahili kuandikwa ubaoni. Tofauti ni watu 13 katika 100, nayo si ndogo. Kila mmoja wao ni mzazi wa mtu au mtoto wa mtu. Lakini watu 60 walikuwa hai bila Krestin, kwa kisu cha daktari na dawa za hospitali. Na watu 27 walifariki ingawa waliipata. Hakuna kundi lililoacha kupasuliwa likapewa uyoga peke yake, na kwa hiyo jaribio hili haliwezi kutumiwa na mtu ye yote kusema kwamba uyoga hushika nafasi ya hospitali. Lentinani nayo, iliyoidhinishwa Japani mwaka wa 1985, ilikuwa dawa ya sindano, ikitolewa pamoja na dawa nyingine kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo.

Jaribio jingine husimuliwa mara chache, pengine kwa sababu halimsaidii mwuzaji. Huko California, Marekani, wanaume zaidi ya 60 wenye saratani ya tezi dume walinyweshwa dondoo ya shitake kwa muda wa miezi 6, bila dawa nyingine. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2002: dondoo hiyo peke yake haikuwa tiba ya ugonjwa wao. Anayetaka kueleza habari za uyoga kwa haki hana budi kueleza na hili.

KUTOKA SHAMBANI HADI DAWANI

Watu wa Tanga wanalo mbele ya nyumba zao somo zuri la umbali uliopo kati ya mmea na dawa. Lipo ua dogo la waridi au jeupe, lenye majani matano ya ua, linalostahimili ukame na kuota hata penye mchanga; asili yake ni Madagaska, na jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus. Katika ua hilo hutolewa vinkristini na vinblastini, dawa ambazo tangu miaka ya 1960 zimetumika hospitalini duniani kote kutibu saratani ya damu ya watoto na nyinginezo. Hata hivyo, anayechuma majani yake na kuyachemsha hapati dawa hiyo. Hupata sumu isiyojulikana kipimo chake. Ili kupata kiasi kidogo tu cha vinkristini huhitajika majani mengi mno, na kiasi hicho hupimwa kulingana na mwili wa mgonjwa na kudungwa mshipani chini ya macho ya daktari.

Uyoga hauna sumu ya namna hiyo, lakini hoja ya kipimo ni ile ile. Uyoga mamama, ambao ndio rahisi kuoteshwa na mkulima mdogo, una beta-glukani yake iitwayo pleurani, nayo imechunguzwa katika maabara. Haijawa dawa ya saratani. Tena kiasi chake hubadilika kwa aina ya mbegu, kwa kilichooteshewa na kwa umri wa uyoga ulipochumwa. Pakiti mbili za chama kimoja zaweza kutofautiana. Kitu kisicho na kipimo thabiti chaweza kuwa chakula kizuri sana, lakini hakiwezi kuitwa dawa.

UYOGA KAMA CHAKULA NA KAMA MALI

Hayo yasimvunje mwanachama moyo, kwa maana sifa za kweli za uyoga zatosha kuuuza. Gramu 100 za uyoga mamama mbichi zina protini gramu 3 hivi, mafuta kidogo sana, na nyuzi za lishe. Hapa pana hila ya mizani inayofaa kutajwa. Wapo wasemao uyoga unaishinda nyama kwa protini. Wanapima uyoga mkavu na nyama mbichi. Sehemu 9 katika 10 za uyoga mbichi ni maji, hivyo kilo 10 za uyoga mbichi hutoa kilo 1 hivi ya mkavu. Mkavu na upimwe na mkavu, mbichi na mbichi, kama ilivyo kanuni katika kupokea mazao ghalani. Uyoga ukianikwa juani hufanya vitamini D ndani yake, jambo ambalo vyakula vichache vya shamba huweza.

Uoteshaji hauhitaji shamba kubwa, na hilo ni jambo la maana katika milima ambako ardhi imegawanywa vipande vidogo. Mabua makavu ya mahindi au maganda ya maharage hukatwa vipande, hulowekwa, huchemshwa au kupikwa kwa mvuke ndani ya pipa ili kuua vimelea, hupozwa, kisha hujazwa katika mifuko ya plastiki pamoja na mbegu ya uyoga. Mifuko hukaa gizani kwa majuma 3 au 4 hata nyuzi nyeupe zienee. Ndipo hupewa mwanga kidogo, hewa na unyevu wa kutosha. Kule chini, Korogwe na kwingineko mkoani Tanga, yapo masalia mengi ya mkonge, kwa maana katika jani la mkonge ni sehemu ndogo tu, isiyofika hata 5 katika 100, inayokuwa singa. Uyoga wa Coprinus cinereus huota wenyewe juu ya malundo ya masalia hayo na watu huula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameonyesha kwamba huo pamoja na uyoga mamama huoteka juu ya masalia ya mkonge yaliyoozeshwa. Chama chenye lori linaloshuka Mombo na mboga na kurudi tupu chaweza kulifikiria jambo hilo.

Wavunaji wachume kabla kingo za kofia hazijapinda juu, na wafunge kitambaa puani na mdomoni wanapoingia bandani. Vumbi jepesi linalotoka katika uyoga uliopevuka, likivutwa siku baada ya siku, huleta ugonjwa wa mapafu. Ingekuwa aibu kwa chama kuuza uyoga kwa jina la afya huku wavunaji wake wakikohoa.

Uyoga wa mwituni ni habari nyingine. Wazee wa milimani wanaujua uyoga wa kwao, na elimu hiyo ni hazina. Wataalamu Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi waliikusanya elimu ya namna hiyo kutoka sehemu mbalimbali za nchi katika kitabu chao cha uyoga wa Tanzania kilichotoka mwaka wa 2003. Lakini misonobari iliyopandwa, kama ile ya Shume, ni miti ya kigeni, na misonobari ilipoletwa Afrika ilikuja na uyoga wake ambao wazee hawakurithishwa habari zake. Mmojawapo ni Amanita muscaria, mwenye kofia nyekundu na madoa meupe, ambao ni sumu. Nduguye, Amanita phalloides, huua. Alaye huo hukaa saa 6 hadi 24 bila kuhisi kitu, kisha hutapika na kuhara, kisha hupata nafuu ya uongo ya siku moja au mbili, na nyuma ya nafuu hiyo ini huharibika. Kuupika hakuondoi sumu. Wala si kweli kwamba uyoga ulioliwa na konokono ni salama kwa mtu. Kwa sababu hiyo, chama kisipokee uyoga wa mwituni ghalani, hata ukiletwa na mwanachama mwaminifu; na wanaochuma katika Hifadhi ya Magamba wakumbuke pia kwamba msitu huo una sheria zake.

MGONJWA ALIYE NYUMBANI

Madhara makubwa ya maneno ya uongo juu ya saratani hayamo ndani ya uyoga wenyewe. Yamo katika muda. Chukua mfano wa mama mwanachama anayeona kivimbe kigumu titini, kisicho na maumivu. Akienda hospitali mwezi huo, huenda kikaondolewa chote. Akiambiwa anywe unga wa uyoga miezi 6 kwanza, atakunywa, hatadhurika na uyoga, na kivimbe kitaendelea na safari yake. Madaktari wa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wameeleza kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wengi huwafikia wakiwa katika hatua ya 3 au ya 4, wakati ambapo kuponya ni kugumu na kazi kubwa hubaki kupunguza maumivu.

Kwa wanawake wa Tanzania saratani inayoongoza ni ile ya mlango wa kizazi, nayo ndiyo inayozuilika kuliko nyingi. Mabadiliko yake ya mwanzo huonekana kwa uchunguzi rahisi wa kupaka siki, na chanjo ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka wa 2018. Hakuna uyoga unaofanya kazi ya chanjo hiyo.

Basi mwanachama mwenye kivimbe, kidonda kisichopona, damu isiyo ya kawaida, chakula kinachokwama kooni, au kukonda bila sababu, aelekezwe hospitali ya Lushoto au ya Bumbuli bila kukawia. Huko ndiko atakakopewa barua ya kwenda Bombo, KCMC ya Moshi au Ocean Road. Kinachowazuia wengi ni nauli, na hapo ndipo chama kinapoweza kusaidia kuliko uyoga wo wote: mkopo wa dharura ulioandikwa katika masharti, unaotolewa siku hiyo hiyo bila kungoja kikao cha mwezi, umempeleka mtu hospitali mapema. Aliye katika matibabu aweza kula uyoga uliopikwa vema kama chakula chake kingine. Akitaka kutumia unga au vidonge vya uyoga, amwambie daktari wake kwanza.

MANENO YA JUU YA PAKITI

Nembo ya chama ikisha kubandikwa juu ya pakiti, maneno yaliyomo si ya mwanachama mmoja tena. Ni ya chama chote, na bodi ndiyo itakayojibu. Dawa haiuzwi nchini bila kusajiliwa. Tangu mwaka wa 2019 usimamizi wa dawa umo mikononi mwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango. Dawa za asili nazo zina baraza lake, lililowekwa na sheria ya mwaka 2002. Chama kilichosajiliwa kuuza mazao, kikiandika «hutibu saratani», kimeingia katika kazi ambayo hakina kibali chake wala ujuzi wake.

Wapo watakaosema kwamba wachuuzi wa mjini huandika hivyo na hawafanywi kitu. Mchuuzi aweza kuhama soko kesho asionekane tena. Chama hakiwezi kuhama. Wajane na yatima wa wateja wake ni majirani zake.

Yafaa pakiti iandikwe hivi: jina la uyoga, yaani uyoga mamama uliokaushwa, jina la chama na kijiji, uzito halisi, tarehe ya kukaushwa na ya mwisho wa kutumiwa, namba ya fungu, ili likitokea tatizo ijulikane ni banda la nani, na maelezo mafupi ya kuuloweka na kuupika. Kusema «chakula chenye protini na nyuzi za lishe» ni halali kwa kuwa ni kweli. Namba ya fungu iandikwe pia katika daftari la ghala mbele ya jina la mwanachama aliyeleta. Jambo hili huonekana dogo, na ndilo linalosahauliwa mara nyingi.

MASWALI KWA KIKUNDI CHA KUJIFUNZA

Katika jaribio la Krestin, kwa nini ilikuwa lazima makundi yote mawili yapasuliwe na kupewa dawa za kemikali? Kama wakulima wa kabichi wa kijiji fulani wanaishi miaka mingi kuliko wenzao, ni sababu zipi zaweza kuwapo mbali na kabichi? Masharti ya chama chenu yanasema nini juu ya mkopo wa dharura kwa mgonjwa, na ni nani mwenye mamlaka ya kuutoa bodi isipokutana? Mwanachama ameleta kilo 4 za unga wa uyoga, pakiti zimekwisha kuchapwa «kinga na tiba ya saratani» kwa gharama yake mwenyewe, naye anaomba ziuzwe kwa nembo ya chama: kikundi kiandike jibu la katibu, lisilozidi ukurasa mmoja, kwa lugha ambayo mwanachama huyo hataona amevunjiwa heshima.